Kinasa Sauti cha Bei Nafuu kwa Sherehe za Ufuko wa Rumonge

Sherehe haina marudio. Arusi hufungwa siku moja, maulidi husomwa usiku mmoja, na mzee apigaye inanga hana ahadi ya kuwapo mwakani. Ndiyo maana familia nyingi za ufuko wa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Bujumbura kupita Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, hupenda kuzihifadhi sauti za siku hizo. Lakini aghalabu matokeo huwa ya kusikitisha. Ngoma husikika kama mabati yaburutwayo, mwimbaji humezwa na upepo, au chombo huzimika kabla bibi arusi hajatoka nje.

Kwa familia ya askari jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka 15, askari wa Burundi walitumika nchini Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Katika muda kama huo watoto huzaliwa na kupewa majina, dada huolewa, na wazazi huzikwa, hali baba yuko mbali. Hali kadhalika polisi aliyehamishiwa mkoa mwingine hukosa mengi ya nyumbani. Sauti iliyonaswa vizuri humpa nafasi ya kushiriki, ijapokuwa kwa kuchelewa. Iliyonaswa vibaya humwachia kelele tu.

Hasara hiyo si lazima itokane na ukosefu wa fedha. Mara nyingi hutokana na kununua jina la chombo badala ya kuangalia kazi yake. Mwenye kujua anachokitafuta aweza kupata sauti njema kwa fedha ya wastani, na pengine kwa simu aliyo nayo tayari.

SAUTI MBILI ZA KUPIMIA

Rumonge uko yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ifuatayo ziwa. Ni mji wa wavuvi wa mukeke na dagaa, wa mashamba ya michikichi na biashara ya mawese, ambako Kiswahili na Kirundi husikika sokoni kwa pamoja. Misikiti na makanisa yote yana waimbaji wake. Kwa hiyo atakaye chombo cha kunasia sauti hapo hanunui kwa ajili ya muziki wa aina moja.

Muziki wa Burundi wenyewe una ncha mbili zilizo mbali sana. Ncha ya kwanza ni inanga, ubao uliochongwa kama hori na kutandwa nyuzi, ambao mpigaji huuimbia kwa kunong'ona. Mnong'ono huo ni laini hata jenereta ya jirani hutosha kuufuta. Ncha ya pili ni ngoma kuu za Burundi, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ngoma hizo, yapata kumi na mbili au zaidi, daima kwa hesabu ya witiri, hupangwa kwa umbo la mwezi mwandamo kuizunguka ngoma ya kati, na mngurumo wake hufika mbali.

Chombo kifaacho ni kile kiwezacho kusikiliza ncha zote mbili bila kushindwa. Kwa mnong'ono, kisiwe na mvumo wake chenyewe. Kwa ngoma, kisielemewe. Mnunuzi na aanze na swali hilo kabla ya kuuliza rangi, umbo au jina la kiwanda.

ADUI WA NGOMA NI CHOMBO KIJIREKEBISHACHO

Simu nyingi za mkononi zimetengenezwa kwa mazungumzo. Sauti ikiwa ndogo, simu huikuza yenyewe. Ikiwa kubwa, huipunguza yenyewe. Kwa mtu azungumzaye jambo hili ni msaada. Kwa ngoma ni uharibifu, kwa kuwa kila pigo kubwa huizamisha simu, kisha katika kituo kidogo kinachofuata kelele za watu huinuka ghafla kama wimbi. Msikilizaji huona muziki unapanda na kushuka pasipo mpigaji kutaka hivyo.

Tena kila chombo kina dari yake. Sauti ikipita dari hiyo, vilele vyake hukatwa, na kilichobaki huwa mkwaruzo. Mkwaruzo huo ukishaingia hautoki. Hakuna fundi wala mashine iwezayo kuurudisha mlio wa kweli wa ngoma uliokwisha kukatwa. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni uwezo wa kuweka kiwango cha sauti kwa mkono na kuuzima ule mtindo wa kujirekebisha. Katika kipimo kionekanacho kwenye kioo cha chombo, sifuri ndiyo dari. Wakati wa majaribio, pigo kubwa kabisa na lisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Nafasi hiyo si ya kupotea bure. Ni akiba kwa ajili ya wapigaji, ambao sherehe ikishika moto hupiga kwa nguvu kuliko walivyopiga mwanzoni.

SIMU KWANZA, KISHA CHOMBO KINGINE

Mwenye simu na aanze na simu. Zipo programu za kunasia sauti zisizolipiwa ambazo huonyesha kipimo, huruhusu kushusha kiwango kwa mkono, na huhifadhi sauti bila kuibana. Ikiwa simu haina uwezo huo, dawa yake ni umbali. Katika uwanja ulio wazi, kila umbali uongezwapo mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Simu iliyoharibu ngoma kwa mita 3 yaweza kuzinasa vizuri kwa mita 12. Kabla ya kuanza, iwekwe katika hali ya kutopokea simu, ili mlio wa mjomba apigaye kutoka Makamba usiwe sehemu ya nikahi.

Familia ikiona simu haitoshi, hatua ya pili ni kinasa sauti cha mkononi, chombo kidogo chenye maikrofoni zake mbili kichwani. Viwili vifuatavyo vyafaa kulinganishwa, kwa kuwa bei zake zinakaribiana na tabia zake zinatofautiana.

Zoom H1essential ilitolewa mwaka 2024 kwa bei ya takriban dola 100 za Marekani. Hunasa sauti kwa mfumo uitwao biti 32 floti, wenye nafasi pana sana kati ya mnong'ono na mngurumo, kiasi kwamba mwenye chombo hana haja ya kuweka kiwango kwanza. Sauti iliyotoka kubwa mno hupunguzwa baadaye kwa kompyuta. Lakini maikrofoni zenyewe bado zina mwisho, nao watengenezaji wanautaja kuwa desibeli 120. Ikiwekwa karibu mno na ngoma, mfumo huo hautaiokoa. Tena faili zake ni nzito, na kwa familia isiyo na kompyuta kazi ya kuzitengeneza baadaye huwa mzigo.

Tascam DR-05X ilitolewa mwaka 2019. Kiwango chake huwekwa kwa mkono, na huweza kunasa kwa mfumo kamili wa WAV au kwa MP3 ambayo simu yoyote huicheza. Watengenezaji wanasema maikrofoni zake huvumilia desibeli 125. Maikrofoni hizo husikia pande zote sawasawa, ilhali zile za Zoom huelekea mbele. Maikrofoni isikiayo pande zote haisumbuliwi sana na upepo, jambo lenye faida ufukoni. Lakini pia humsikia yule anayepiga soga nyuma yake. Kwa nyumba isiyo na kompyuta, na yenye mtu mmoja aliye tayari kujifunza kutazama kipimo, chombo cha namna hii kinafaa zaidi. Kwa kwaya au kikundi chenye kijana ajuaye kompyuta, kile cha kwanza hupunguza wasiwasi.

Dola 100 si fedha ndogo kwa mshahara wa askari wa cheo cha chini. Lakini kinasa sauti si sufuria ya kutumika kila siku. Nyumba tano za kambi moja, au wanakwaya, waweza kuchangia dola 20 kila mmoja na kukiweka chombo kwa mtunzaji mmoja, kwa daftari la kuazimana. Haba na haba hujaza kibaba.

Anunuaye kilichokwisha kutumika asikilize kabla ya kutoa fedha. Afungue kijumba cha betri na kutazama kama kuna kutu ya kijani au unga mweupe. Abonyeze kila kitufe. Anase dakika tano za ukimya na dakika moja ya makofi ya karibu, kisha asikilize kwa visikilizio vya masikioni. Ukimya ukivuma kama mvua, au upande mmoja ukiwa dhaifu, arudishe chombo kwa mwenyewe kwa maneno mazuri.

BETRI NA KADI

Umeme hukatika, na hukatika zaidi siku ya haja. Hapo ndipo vyombo vitumiavyo betri za kawaida vinapovishinda vile vyenye betri ya ndani isiyotoka. Zoom H1essential hutumia betri mbili za AAA, na Tascam DR-05X hutumia mbili za AA. Zile za bei ya chini kabisa huisha upesi katika chombo cha namna hii. Za alkalini hudumu zaidi, na zile za kuchajiwa hurudisha gharama yake baada ya sherehe chache, hasa panapokuwa na sola nyumbani. Kwa vyovyote, jozi ya pili na iwe mfukoni. Betri zitolewe chomboni sherehe ikiisha, kwa maana betri iliyosahauliwa huvuja na kula nyaya.

Kuhusu kadi ya kumbukumbu, hesabu ni rahisi. Saa moja ya sauti ya kiwango cha diski, kwa mfumo wa WAV, huchukua takriban megabaiti 635. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hutosha yapata saa 50. Mfumo wa biti 32 huchukua mara mbili ya hapo, yaani kadi hiyo hiyo hutosha saa 25. MP3 ya wastani, ya kilobiti 128, huchukua megabaiti 58 tu kwa saa, lakini hutupa sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa. Yafaa kunasa kwa WAV, kisha kutengeneza nakala ya MP3 ya kutuma kwa simu.

Hatari iliyofichika ni kadi za bandia. Zipo zinazoandikwa gigabaiti 128 nje, hali ndani hazifiki hata robo. Chombo huendelea kuonyesha kwamba kinanasa, kumbe sauti zinamwagika kama maji katika ndoo iliyotoboka. Kadi mpya na ijazwe kwa faili za majaribio mpaka mwisho, kisha faili zote zifunguliwe. Zikifunguka, kadi ni ya kweli.

MAHALI PA KUKIWEKA

Chombo cha dola 100 kilichowekwa pabaya hushindwa na simu iliyowekwa pazuri. Kwa ngoma, mahali pazuri ni mbele ya uwazi wa ule mwezi mwandamo, kuelekea ngoma ya kati, kwa umbali wa mita 6 hadi 10, juu kidogo ya vichwa vya watu. Hapo ngoma zote husikika kwa mizani, na miguu ya wachezaji pia husikika. Anayekaa ubavuni hupata ngoma mbili kubwa na nyingine kama mwangwi.

Kwa kwaya isiyotumia spika, mita 2 hadi 4 mbele ya mstari wa katikati zatosha. Kwa inanga, chombo kikaribie hadi nusu mita, kati ya mdomo na nyuzi, katika chumba chenye mazulia au mikeka, na kwa saa ambayo jenereta zimezimwa. Katika ukumbi wa arusi wenye spika kubwa, kisiwekwe mbele ya spika wala pembeni mwa kuta mbili zinapokutana, kwa kuwa pembe hukuza mvumo mzito. Panapokuwa na fundi wa mitambo, aweza kuombwa waya kutoka mashine yake kwenda tundu la kinasa sauti. Lakini waya huo huleta tu kile kilichopita katika maikrofoni za jukwaa, na vigelegele vya akina mama hubaki nje. Aliye na vyombo viwili na atumie waya kwa kimoja na hewa kwa kingine.

Upepo wa ziwani ndio mwizi mkubwa wa sauti. Hata ule usiotikisa majani hutoa ngurumo katika maikrofoni. Sponji nyembamba ijayo na chombo hufaa ndani ya nyumba. Nje pahitajika kifuniko cha manyoya bandia, ambacho fundi cherehani aweza kukishona kwa kipande cha kitambaa chenye manyoya marefu. Chombo kisishikwe mkononi, kwa maana kila kidole husikika. Kifungwe juu ya miguu mitatu ya kamera, au juu ya mti imara, kukiwa na kitambaa kilichokunjwa kati ya mti na chombo. Kisiwekwe juu ya meza ya chakula wala juu ya jukwaa litikisikalo.

RUHUSA, HESHIMA NA USALAMA

Sauti ya mtu ni mali yake. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2005, na zaidi ya sheria upo uungwana. Anayetaka kunasa na aombe kwanza, aseme sauti itakwenda wapi, na asiisambaze zaidi ya alivyoruhusiwa. Kwa ngoma kuu, amri ya Rais ya Oktoba 2017 inataka maonyesho nje ya sherehe rasmi yawe na kibali cha wizara inayohusika na utamaduni; mwandaaji na aulizwe kuhusu kibali hicho mapema.

Kwamba sauti husafiri, historia inashuhudia. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alinasa muziki wa Burundi, nao ukatolewa kwa santuri nchini Ufaransa na kampuni ya Ocora. Mlio wa ngoma hizo ulitumika katika santuri ya "Burundi Black" mwaka 1971, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line". Mamilioni ya wasikilizaji ng'ambo walizisikia ngoma bila kuyajua majina ya waliozipiga. Siku hizi simu moja yaweza kufanya safari hiyo kwa dakika moja. Kwa hiyo majina ya waimbaji na wapigaji yatajwe mwanzoni mwa kila rekodi, kwa sauti, pamoja na mahali na tarehe.

Askari na polisi wana tahadhari nyingine. Kinasa sauti kilichoachwa wazi hakichagui. Hunasa ngoma pamoja na mazungumzo ya walioketi karibu. Chombo kisiingizwe kambini bila idhini ya mkuu wa kambi, kisiwashwe kazini, na kabla ya rekodi kutumwa kwa jamaa, isikilizwe yote, ili lisitoke neno la zamu, safari au kikosi.

BAADA YA SHEREHE

Kazi haiishi wageni wanapoondoka. Usiku huo huo sauti zinakiliwe mahali pa pili, kisha nakala ya tatu ipelekwe nyumba nyingine iliyo mbali na maji. Wakazi wa Rumonge wanaijua sababu: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za ufukoni. Godoro hununuliwa tena. Sauti ya bibi aliyefariki hainunuliki. Chombo na kadi vihifadhiwe katika kopo lifungikalo vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonyea unyevu vijavyo na viatu vipya.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila faili ipewe jina linaloeleweka, kwa mfano mwaka, mwezi, siku, mahali na tukio, wala isiachwe na namba ilizopewa na mashine. Baada ya miaka 10, namba hizo hazitamwambia mtoto chochote.

Wapo pia walio na kaseti za zamani, zile ambazo Philips ilizileta duniani mwaka 1963 na ambazo zilijaa katika masanduku ya nyumba nyingi. Joto na unyevu wa ufukoni huziharibu mwaka hata mwaka. Kinasa sauti kipya chaweza kuziokoa: waya mmoja wenye ncha za milimita 3.5 hutoka katika tundu la visikilizio vya redio kaseti na kuingia katika tundu la kinasa sauti, kaseti ikachezwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kiwango kikiwa kimewekwa chini. Yafaa kuanza na zile zenye sauti za waliokwisha kufariki.

Basi mpango wa familia yenye fedha kidogo na uwe huu. Kwanza, simu iliyopo ijaribiwe kwa umbali mbalimbali. Pili, zinunuliwe kadi ya kweli, kifuniko cha upepo na miguu mitatu, kwa kuwa vitu hivyo vitafaa hata chombo kikibadilishwa. Tatu, kinunuliwe kinasa sauti chenye kiwango cha mkono au mfumo wa biti 32, kwa mchango wa nyumba kadhaa ikibidi. Nne, wiki moja kabla ya sherehe, mtu mmoja ateuliwe kukishika; akijaribu kanisani, msikitini au uwanjani penyewe, na asikilize alichonasa kwa visikilizio mpaka aridhike. Siku ya sherehe mtu huyo asipewe kazi nyingine yoyote, wala ya kupokea wageni, wala ya kugawa vinywaji.